Trei za Hewa kwenye Kompyuta ya Baba

Baba yangu hakuwa mtu wa kupiga kelele. Akikasirika alikuwa anapunguza sauti, na kadiri alivyopunguza ndivyo ulivyojua leo umekwisha. Kwa hiyo asubuhi ile aliponiita sebuleni kwa sauti ya mtu anayeongea msikitini au kanisani, niliacha cherehani na guu la suruali ya mteja likiwa bado chini ya sindano, nikaenda mbio.

"Mama," akaniambia. Ndivyo alivyoniita tangu utotoni, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake. "Nani ameingia kwenye mashine yangu?"

Alikuwa amekaa mbele ya kompyuta, mgongo umenyooka, miwani imeshuka puani. Kidole chake kilikuwa kwenye kioo, kwenye ule ukurasa unaoonyesha diski zote zilizomo. Siku zote palikuwa na diski kubwa, na trei ya sidii, na trei moja ya ziada aliyowekewa na kaka. Sasa trei za ziada zilikuwa tatu. Zimepangana kwa herufi kama watoto wa shule mstarini.

Hapa lazima nieleze, maana bila kueleza mtadhani nyumba yetu ilikuwa ya wachawi. Kompyuta ile ilikuwa ya zamani na trei yake ya sidii ilishakufa. Ukiibonyeza inatoka nusu, inatetemeka, inarudi. Kaka yangu kabla ya kuhamia mbali alichukua sidii zote za baba, akazinakili zikawa mafaili, kisha akaweka programu moja. Unafungua programu, unachagua faili, na kompyuta inadanganyika kwamba umeingiza sidii kwenye trei. Trei yenyewe haipo. Mafundi wana jina lao la kitaalamu. Mimi niliziita trei za hewa, baba akacheka mpaka akakohoa, na jina likakaa.

Sidii zenyewe zilikuwa maisha yake. Baba alikuwa fundi mitambo wa redio, yule anayekaa nyuma ya kioo na visikizi masikioni wakati mtangazaji anajipatia umaarufu. Alipostaafu aliruhusiwa kuondoka na makanda yaliyokuwa yanakwenda kutupwa, akakaa nayo miaka akiyahamisha moja moja kwenye sidii. Mengi yalikuwa takataka, Mungu anisamehe. Hotuba za ufunguzi wa madaraja. Mechi ambazo hata wachezaji wake hawazikumbuki. Lakini moja lilikuwa na mama.

Siku hiyo mtangazaji alikauka koo dakika chache kabla ya matangazo madogo madogo, na mama alikuwa amefika pale kumpelekea baba chakula. Baba akamkalisha kwenye kiti, akampa karatasi, akarudi nyuma ya kioo. Mama akasoma. Baiskeli imepotea, rangi ya kijani, kengele haina. Wazazi wa darasa la tano wanaombwa kuhudhuria mkutano. Halafu akafika kwenye neno moja gumu la kiserikali, akajikwaa, akajaribu tena, akajikwaa tena, akacheka hewani nchi nzima ikisikia. Baba alipewa onyo kwa sababu ya kicheko kile. Mama alipofariki, ndicho kitu alichobaki nacho. Kila asubuhi, kabla ya chai, alikuwa anaweka sidii ile ya hewa kwenye trei ya hewa, anasikiliza mpaka kicheko, ndipo anasema haya, siku imeanza.

Sasa alikuwa ananionyesha trei zisizo na mwenyewe.

"Kila trei ni mrija," akanong'ona. "Kuna mtu anafyonza kanda zangu. Atakwenda kuuza sauti ya mama yako."

Nilimpigia kaka. Akanielekeza kwa simu, pole pole, kama anayemfundisha kipofu kuvuka barabara. Fungua programu. Weka kipanya juu ya trei usiyoitaka, bonyeza upande wa kulia, chagua kuondoa. Mashine ikaniuliza kama nina uhakika. Nilikuwa nao. Nikaondoa zile mbili, nikazima kompyuta, nikaiwasha, ikarudi na trei moja kama zamani. Baba akavuta pumzi.

"Ahsante, mama. Mwambie huyo mtu asirudi tena."

Yule mtu akarudi. Haikupita hata wiki, trei zikawa nne. Nikaziondoa. Zikarudi. Kila nikifagia, kesho uchafu uko palepale, na ninyi mnaojua tabu ya kufagia chini ya mti mnajua hasira yake. Ila hasira yangu ilikuwa kwa mashine. Ya baba ilikuwa inatafuta mtu, na ndani ya nyumba ile tulikuwa mimi, yeye na paka. Paka hakushukiwa.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema siku moja, akiangalia chai yake.

"Baba, unanisema mimi?"

"Nimetaja jina la mtu?"

"Mimi na mitambo wapi na wapi? Mimi nikiona waya mbili zimegusana nakimbia. Hata kuziweka sijui."

Akainua macho. Macho yale yalikuwa makali, ya mtu aliyezoea kusikia kosa kabla halijafika kwa msikilizaji. "Kuziweka hujui," akasema taratibu, "lakini kuziondoa unajua?"

Nikachukua kikombe changu nikarudi kwenye cherehani. Nilirudi nyumbani kwa baba baada ya ndoa yangu kuvunjika, nikapanga cherehani kwenye varanda ya nyuma, nikapika, nikafua, nikampeleka kliniki, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kunihesabia sukari niliyotia kwenye chai. Sasa nikawa naona anafunga sebule na kubeba ufunguo wake kwenye mfuko wa shati hata anapokwenda kuoga. Nikiingia sebuleni anafunika kioo kwa gazeti. Umaskini nilishauzoea, upweke pia. Nilichokiogopa kilikuwa kimoja tu: baba yangu afe akiamini kwamba mimi ni mwizi wake. Hilo lilininyima usingizi, na nalisema wazi kwa sababu sioni aibu nalo.

Kaka naye akapiga. Nikajua kuna jambo kwa jinsi alivyoanza kwa kuniuliza hali ya hewa.

"Dada, mzee ananiambia mambo. Kama kuna tatizo, niambie mimi. Mwache mzee na kanda zake."

"Tatizo gani?"

"Sijui. Lakini wahenga walisema lisemwalo lipo."

"Wahenga hao waje wamwogeshe," nikamwambia, nikakata simu. Nililia kidogo kisha nikamalizia suruali ya mteja, na mshono ukaenda upogo, nikafumua.

Ndipo nikamwita Waya. Huyo ni fundi wa kompyuta wa mtaani kwetu, mwembamba, shingo ndefu, anaongea kuliko redio. Nilimleta wakati baba amelala mchana, na ufunguo nikautoa kwenye shati lililokuwa limetundikwa. Ndiyo, niliuchukua kwa siri kama mwizi. Waya akakaa, akapekua, akapiga miluzi, akaniuliza kama nina chai, akanywa, akapekua tena.

"Virusi hakuna," akasema. "Mashine hii ni safi kuliko ya benki. Hata mtandao haina."

"Sasa trei zinatoka wapi? Zinazaliana?"

"Hazizaliani, dada. Programu hii haijiongezi. Ili trei ipatikane, mtu anafungua hapa, anabonyeza 'ongeza', anachagua faili, anabonyeza 'sawa'. Na zote zina faili moja tu. Angalia mwenyewe, hii, hii na hii. Kanda ileile moja kwenye trei zote." Akaniangalia, akaona uso wangu, akajihami. "Mimi sisemi ni nani. Mimi natazama mashine tu."

"Na ukisema, utapigwa na rula yangu ya chuma," nikamwambia. Lakini sikuwa na hasira naye. Nyumba ilikuwa na watu wawili, na mmoja wao, mimi, nilijua sijafanya.

Kesho yake asubuhi sikukaa kwenye cherehani. Niliizungusha kidogo ili asikie sauti, kisha nikavua ndala nikasimama ukumbini, mlango wa sebule ukiwa wazi kiasi cha upana wa kiganja. Namfahamu baba yangu mgongo kuliko uso. Niliona mgongo ule ukikaa, mikono ikitafuta kipanya. Akafungua ukurasa wa diski. Akaitazama trei ya kwanza ya hewa, ile halali, iliyokuwa na kanda ya mama ndani yake tangu jana, kwa sababu yeye mwenyewe aliiweka jana.

"Ina kanda ya mtu hii," akajisemea.

Akatazama ya pili. "Na hii ina kanda ya mtu."

Nikaelewa palepale, na ningetoa kidole changu kimoja nisielewe. Tulikua na sheria ile sisi, mimi na kaka, kama watoto wengine wanavyokua na sala. Kule redioni kulikuwa na mashine nyingi za kanda na mafundi wengi, na mtu akiweka kanda yake kwenye mashine anaisogeza mpaka mahali pake hasa, neno la kwanza likiwa linasubiri saa yake. Ukiitoa, ukairudisha hata kwa nia njema, saa ya habari inafika nchi inasikia kimya. Mwenzake baba alifukuzwa kazi kwa kosa hilo, ingawa lilifanywa na mtu mwingine. Kwa hiyo mashine yenye kanda ya mwenzako haiguswi. Hata kama una haraka. Hata kama bosi amesimama mlangoni. Unatafuta mashine nyingine.

Baba hakukumbuka kwamba kanda ile ni yake. Alikumbuka sheria. Akafungua programu, akabonyeza "ongeza", akachagua faili la mama, akabonyeza "sawa". Mikono ilikwenda yenyewe, safi, bila kubahatisha. Mama akasoma kuhusu baiskeli ya kijani. Akajikwaa. Akacheka. Baba akasema haya, siku imeanza, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akaangalia kioo kama mtu aliyeingia chumbani sasa hivi.

"Mama," akaita kwa sauti ya chini kabisa. "Njoo hapa. Wameingia tena."

Sikuenda. Nilikwenda uani, nikashika kamba ya kuanikia nguo nikasimama hapo. Daktari wa kliniki alikuwa ameshasema neno moja kuhusu kusahau na umri, akatuandikia dawa ya kumtuliza, nami nikalitia neno hilo chini ya godoro kama watu wanavyofanya. Nani hajui kwamba wazee wanasahau? Mimi mwenyewe nasahau sufuria jikoni. Lakini hili halikuwa sufuria.

Nilijaribu kumwambia ukweli. Sikuwa mjinga wa kumrushia usoni. Nilisubiri ale, nikakaa karibu naye, nikamshika mkono.

"Baba, hizo trei. Huenda ni wewe unayeziongeza, halafu zinakupotea akilini. Nimekuona."

Nilitegemea akasirike. Ningelipokea hilo kwa mikono miwili. Hakukasirika. Aliuvuta mkono wake, akautazama, akautazama na mwingine, kama mtu anayepewa maiti aitambue. Kaka yake mkubwa alikufa bila kujua jina la mke wake, na baba ndiye aliyekuwa akimlisha kwa kijiko. Alijua njia ile inakoelekea kuliko daktari.

"Unasema nimeanza," akasema.

"Sijasema hivyo, baba."

"Nimeanza kama yeye."

Siku ile hakugusa kompyuta tena. Alikaa kwenye kiti cha sebuleni, mikono ameiweka kwapani. Nikimpa kijiko anasema weka hapo. Nikimwuliza kitu ananiuliza kwanza kama ameshaulizwa. Jioni nilimkuta amesimama mlangoni pa chumba chake, anahesabu milango ya ukumbi kwa kunong'ona, anarudia, kujihakikishia. Na kesho yake vilevile, kwa sababu hofu, tofauti na mambo mengine, hakuisahau. Sababu yake ilishampotea, hofu yenyewe ikabaki. Alikuwa anaogopa asichokijua, na hakuna adhabu mbaya kama hiyo.

Kwa hiyo nikafanya nilichofanya. Nilikwenda sebuleni, nikapiga magoti mbele ya kiti chake, mimi mtu mzima mwenye mvi.

"Baba, ni mimi."

"Wewe nini?"

"Trei. Ni mimi ninayeingia kwenye mashine yako. Wewe huna kosa. Nilikudanganya nikakusingizia, nisamehe."

Mikono ikatoka kwapani. Nakuambieni niliiona roho yake ikirudi mwilini. Rangi ikarudi usoni, mgongo ukanyooka, na baba yangu akawa baba yangu tena, mkali, mwenye akili zake, mtu aliyeibiwa.

"Nilijua," akasema. "Nilijua mimi. Umemuuzia nani?"

Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. "Mtu wa redio," nikasema.

"Na kicheko chake umekiuza?"

"Ndiyo, baba."

Alilia. Hakuwahi kulia mbele yangu, hata siku tulipomzika mama. Akalia kimya, akajifuta, kisha akaniwekea mkono kichwani, mzito, wa joto. "Mtoto ni mtoto," akasema. "Jivu halitupwi kwa kuwa limechafua. Usirudie." Jioni ile akala sahani nzima, akaniomba chumvi, akanitania kwamba mchuzi wangu unahitaji cheti cha daktari. Nikaosha vyombo nikijisemea, maji yamemwagika lakini angalau yamemwagika mara moja. Nimeshaitwa mwizi, nimeshasamehewa, yamekwisha.

Asubuhi akaniita kwa sauti ya chini. "Mama. Nani ameingia kwenye mashine yangu?"

Nilisimama mlangoni na kikombe chake mkononi. Kama nisingekuwa na kitu cha kushika sijui ningefanyaje.

"Mimi, baba. Nisamehe."

Ikawa hivyo. Watu wengine wakiamka husalimiana, sisi tulikuwa na la kwetu. Siku nyingine alinisamehe kabla chai haijapoa. Siku nyingine aliendelea kununa mpaka jua linazama, na mara moja alinifungia nje na mvua inanyesha, nikakaa chini ya upenu na nguo za wateja magotini. Nikajifunza majibu yote. Nimemuuzia nani, kwa nini, tangu lini. Nikajifunza kulia mapema, maana nikilia mapema husamehe mapema. Mara moja nilimwomba Waya aitoe sauti ya mama aiweke peke yake kwenye kioo, ili baba abonyeze mara moja tu asikie, bila trei. Baba aliitazama, akauliza imetoka wapi na nani ameipitisha, akakataa kuigusa. Kanda lazima aiweke mwenyewe. Na programu nisingeweza kuiondoa, kwa sababu bila hiyo mama naye angeondoka. Kwa hiyo kila alipolala mchana niliingia na ufunguo wa kuiba, nikaondoa trei zote isipokuwa moja, ili zisimtie kiwewe kwa wingi wake. Kwa maneno mengine, nilikuwa naingia kweli.

Kaka alipokuja kututembelea nilikuwa nimeshamweleza kila kitu kwa simu, na nikaona aibu yake tangu alipokuwa anashusha begi. Baba akamkalisha, akanyoosha kidole kwangu. "Dada yako aliuza sauti ya mama yenu," akamwambia. "Lakini amekiri. Nimemsamehe."

Kaka alitazama sakafu. Baadaye tukiwa jikoni akaniuliza, "Kwa nini ulikiri lakini? Neno likishatoka halirudi. Ungemwachia aseme ni majini, ni jirani, ni yeyote."

"Jirani angekuja kupigwa mawe. Na majini hayaombi msamaha."

"Atakufa na hilo kichwani."

"Kichwa gani, kaka? Hakikai kitu mle tangu jana mpaka leo. Hilo nalo litatoka." Nikampa sufuria aikaushe. "Au kaa naye wewe, wiki moja tu, umwambie ukweli kila siku, uone."

Hakukaa. Simlaumu sana. Ana watoto.

Basi mambo yakaenda kama yanavyokwenda. Asubuhi moja hakuniita. Nilisubiri, chai ikapoa, nikaenda kuchungulia. Alikuwa mbele ya kompyuta, ukurasa wa diski uko wazi, na kipanya kimelala chini ya kiganja chake. Trei ilikuwa ileile moja. Hakuongeza nyingine. Kumbukumbu ya mikono, ile iliyodumu kuliko ya kichwa, nayo ilikuwa imekwenda. Nikamfungulia mwenyewe. Mama akasoma, akajikwaa, akacheka, na baba akasikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Ana sauti nzuri huyu mama," akasema. "Kasomea wapi?"

Sitawaficha kwamba sehemu ya moyo wangu ilipumua. Nilisema, yamekwisha sasa, hakuna trei, hakuna mwizi. Kama amemsahau hata mama, mimi na wizi wangu ni nani? Tutakuwa watu wawili tu ndani ya nyumba, mzee na mwanamke anayemlisha. Niliona hiyo ni nafuu. Mtu akishapoteza ng'ombe hushukuru kwa kamba.

Alipungua mwili. Suruali zake zote zikawa magunia, nikawa namkatia upya moja baada ya nyingine. Siku moja nilimsimamisha kwenye dirisha la sebule nipime kiuno, pini zikiwa mdomoni mwangu, na yeye akawa mtulivu, mikono imeinuliwa kidogo kama mtoto. Alikuwa ananiita bibie siku hizo. Alikuwa na heshima sana kwangu, heshima ya mgeni.

"Bibie," akasema, na sauti ikashuka. "Wewe naona ni mtu mwaminifu. Kuna jambo nataka nikuachie."

Nikatoa pini mdomoni. "Niambie, mzee."

"Nina binti. Akija hapa, usimfungulie chumba hiki. Mpe maji, mpe chakula, lakini ufunguo usimpe." Akageuza uso kuhakikisha mlango umefungwa. "Aliiba sauti ya mama yake akaiuza."

Hakukumbuka jina langu. Hakukumbuka trei, wala kompyuta, wala redio, wala kwamba alinisamehe mara ngapi sijui, na mkono wake juu ya kichwa changu. Nilikaa kwenye visigino vyangu na tepu ya kupimia mkononi.

"Nani amekwambia maneno hayo, mzee?"

"Hakuna aliyeniambia. Alikiri mwenyewe. Alipiga magoti hapa, akakiri kwa mdomo wake."

"Labda alidanganya," nikasema. "Labda hakuiba chochote. Alisema tu."

Akafikiri. Alinipa heshima ya kufikiri kweli, nikaona paji la uso likikunjika kama zamani alipokuwa anasaka kelele ndogo ndani ya kanda. Kisha akatikisa kichwa, akanitazama kwa huruma, kwa jinsi nilivyokuwa sijui watu.

"Hapana, bibie. Nani anajisingizia wizi mbele ya baba yake? Kwa faida gani?"

Nilimwomba anyooshe mguu wa kushoto. Akaunyoosha, nami nikapima.